Chalenji, Video Ndefu, Mubashara au Jukwaa: Mtazamaji wa Mtandaoni Aingie Wapi katika Utunzi wa Dansi?

Usukumani, mashindano ya ngoma kati ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, hayahitaji jopo la majaji wenye karatasi za alama. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Mtazamaji akichoshwa na kundi moja huhamia kwa jirani kwa hatua chache tu, na kiongozi wa ngoma humwona akiondoka. Ndiyo maana kila kikundi huja na jambo lake la kuwashtua watu: wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka, wapo wanaoleta vinyago na sarakasi, na zipo pia dawa za mvuto. Anayetaka kuyaona hayo huenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni.

Nimeanza na Usukuma kwa sababu mjadala wa dansi na mitandao ya kijamii mara nyingi huendeshwa kana kwamba zamani mchezaji alicheza kwa ajili ya sanaa tupu, na ni simu iliyokuja kumfundisha kutafuta umati. Si kweli. Umati umekuwa mtunzi mwenza wa ngoma zetu tangu enzi za mababu. Mapya yaliyoletwa na mtandao ni mengine, nayo ni mazito: umati sasa hufika kama namba isiyo na sura, hufika baada ya dansi kuchezwa na si wakati inachezwa, na kati yake na mchezaji imesimama algoriti, yaani mfumo wa kompyuta wa mtandao, inayoamua nani apitishwe karibu na uwanja na nani asipitishwe. Kiongozi wa Bagalu aliwaona watu wake wakiondoka na akajua ni mwondoko gani uliowaondoa. Mtunzi wa leo anaona kwamba video hii imetazamwa na watu mia nne na ile elfu arobaini, kisha anabaki akikisia sababu.

Kwa hiyo swali linalomkabili kiongozi wa kikundi, awe Temeke ya Dar es Salaam, Likoni ya Mombasa au Kawempe ya Kampala, ni hili: mtazamaji wa mtandaoni aingie katika hatua ipi ya kutunga, na aingie kufanya nini? Ziko njia nne zinazotumika sana, na kila moja hugeuza dansi kwa namna yake. Ninazilinganisha hapa kwa kuangalia zinavyoathiri mwili wa mchezaji, haki ya mtunzi, na mfuko wa kikundi. Msomaji atagundua kwamba sizipi nafasi sawa. Hazina uzito sawa.

Chalenji: dansi inayotungwa ili ichezwe na mtazamaji

Katika chalenji, yaani kipande cha dansi kinachowekwa mtandaoni ili wengine wakiige na kujirekodi, mtazamaji ndiye mchezaji. Hilo likieleweka, masharti mengine yote yanafuata yenyewe. Kipande huwa cha sekunde 15 hadi 30, kwa kawaida juu ya kiitikio cha wimbo. Miondoko hukaa zaidi kwenye mikono, mabega na kifua, kwa sababu mtu anayejibu anajirekodi chumbani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na hana nafasi ya kuruka wala kuzunguka. Uso unabaki mbele. Mwondoko wa kwanza lazima ueleweke kabla kidole hakijasogeza video juu. Na ugumu una kipimo chake: dansi ikiwa rahisi mno haimpi mtu fahari ya kuiweza, ikiwa ngumu mno anaitazama tu na kupita.

Mfano bora ninaoufahamu wa dansi iliyochezwa na dunia nzima ni ule wa wimbo wa Jerusalema wa Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini, uliotoka mwishoni mwa 2019. Februari 2020 kikundi cha Fenómenos do Semba cha Angola kiliweka video ya wachezaji wake wakiucheza uani huku wakila, sahani mkononi. Inafaa kuitazama upya kwa jicho la mtunzi. Miguu ndiyo inayobeba dansi yote, na mikono iko huru, ndiyo sababu muuguzi aliyevaa glavu, askari mwenye mkanda mzito na mtawa mwenye joho refu waliweza kuicheza bila kubadilisha mavazi yao. Mzunguko wa hatua hurudi mwanzo kila baada ya mapigo machache, na kundi zima hugeukia upande mwingine. Aliyekosea anasubiri mgeuko unaofuata na kuingia. Mpangilio huo ni wa dansi za sherehe, za watu wa umri tofauti kucheza pamoja mistarini, na haukubuniwa kwa ajili ya simu. Septemba ya mwaka huohuo Rais Cyril Ramaphosa aliwahimiza Waafrika Kusini waucheze siku ya Urithi, tarehe 24. Funzo ninalolipata ni kwamba chalenji iliyodumu ilitokana na ujuzi wa zamani wa kuwachezesha watu wengi pamoja, ujuzi ambao kikundi chochote cha ngoma hapa kwetu tayari kinao.

Ubaya wake unaonekana kwenye mfano mwingine. Septemba 2019, msichana wa miaka 14 wa jimbo la Georgia, Marekani, Jalaiah Harmon, alitunga dansi iliyokuja kujulikana kama Renegade na kuiweka mtandaoni. Wengine waliichukua, wakaipeleka TikTok, ikachezwa na watu wenye wafuasi wengi kuliko yeye, na kwa miezi kadhaa jina lake halikutajwa. Gazeti la New York Times lilipoandika habari zake Februari 2020 ndipo alipotambuliwa, na mwezi huohuo akaicheza kwenye mchezo wa nyota wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mjini Chicago. Hasira ya namna hiyo iliendelea kukua miongoni mwa watunzi Weusi wa Marekani, hadi Juni 2021 wengi wao wakagoma kutunga dansi kwa wimbo mpya uliokuwa ukisubiriwa, ili ionekane wazi mitindo hutoka kwa nani. Mwaka 2022 TikTok iliongeza njia ya kumtaja aliyeanzisha video. Njia hiyo inasaidia, lakini inategemea uungwana wa anayenakili.

Jina hupotea kwa sababu ileile inayoifanya chalenji ifanikiwe. Dansi imetungwa iweze kutoka kwenye mwili wa mtunzi na kuingia kwenye mwili wa yeyote. Ikishatoka, hakuna kinachoifunga kwake. Sheria nayo haisaidii sana kwa kipande kifupi. Nchini Marekani, Ofisi ya Hakimiliki mwaka 2019 ilikataa kuisajili dansi fupi ya mwigizaji Alfonso Ribeiro iliyokuwa imeingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Fortnite, kwa kuiona ni mfululizo mfupi na rahisi wa miondoko. Upande wa pili, Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya huko iliifufua kesi ya mtunzi Kyle Hanagami dhidi ya kampuni ya Epic Games, mmiliki wa Fortnite, ikieleza kwamba kazi ya dansi haipaswi kuvunjwavunjwa na kupimwa mkao mmoja mmoja. Hanagami alikuwa na kazi ndefu iliyosajiliwa, na kipande kilichochukuliwa kilitoka ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kuzingatia.

Hata katika ushindi mkubwa wa Jerusalema, madai ya malipo yaliyosikika baadaye yalihusu muziki. Mwanzoni mwa 2021 kampuni ya Warner Music iliwataka baadhi ya waliorekodi video zao nchini Ujerumani, zikiwemo taasisi za umma, walipie leseni ya wimbo. Hatua za miguu zilizowafanya warekodi hazikuwemo kwenye ankara hizo.

Kuna kitu kingine kinachopotea, nacho kinanihuzunisha zaidi kuliko fedha. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya kutembea: wapigaji wanakwenda, watu wanafuata, mtaa unaungana na mtaa, na asiyejua kinachoendelea anajikuta amefika mbali na kwao. Ngoma hiyo haina mbele. Ukiiweka ndani ya fremu ya wima unabaki na watu wanne wanaotikisa mabega mahali pamoja, na kilichoifanya iwe Mdundiko kimekwenda zake. Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, nayo ina tatizo lake. Mdundo wake unazidi mapigo 200 kwa dakika, na simu ya kawaida inayorekodi picha 30 kwa sekunde huugeuza mtetemo wa kiuno kuwa ukungu. Usiku, kwenye mwanga wa taa moja ya uani, haionekani kabisa. Mtunzi anayeiandaa singeli kwa chalenji huishia kupunguza kasi ya mwili huku mdundo ukibaki juu, au kuweka visimamo vya ghafla ili jicho lipate pa kushika. Visimamo hivyo vinaweza kuwa vizuri sana. Lakini mtunzi ajue kwamba ameviweka kwa ajili ya kamera, na aamue mwenyewe kama anavitaka hata pale ambapo kamera haipo.

Video ndefu: dansi inayomfanya mtazamaji arudi

Kwenye chaneli ya YouTube, au mahali popote ambapo video ya dakika tatu hadi kumi ina nafasi, uhusiano unageuka. Chalenji husafirisha mwondoko na kumwacha mtu nyuma. Chaneli humbakiza mtu palepale na kubadilisha miondoko. Kikundi cha Ghetto Kids cha Kampala kilifahamika duniani mwaka 2014 kupitia wimbo wa Sitya Loss wa Eddy Kenzo. Mwaka 2017 wakaonekana kwenye video ya wimbo wa Unforgettable wa French Montana. Na mwaka 2023 walikwenda shindano la Britain's Got Talent, ambako jaji Bruno Tonioli alibonyeza kitufe cha dhahabu kabla hata hawajamaliza kucheza, nao wakafika fainali. Kati ya 2014 na 2023 kuna miaka tisa ya watazamaji waliokuwa wakiwafuata wachezaji hao kama watu, wakawaona wakikua, wengine wakiondoka na wadogo wakiingia. Masaka Kids Africana, nao wa Uganda, wamejenga hadhira yao kwa njia inayofanana: uwanja wa udongo, nguo za rangi, watoto wale wale ambao mtazamaji huwatambua kwa namna yao ya kucheka na ya kuingia katikati.

Dansi inayotungwa kwa njia hii huhitaji wahusika. Mtunzi hugawa nafasi kwa kujua nani ana miguu myepesi, nani ana uso wa vichekesho, nani huweza kuanguka chini bila kuumia. Hupanga maingilio, hupanga ushindani wa wawili, hupanga mahali ambapo mdogo kuliko wote anawashinda wakubwa. Hayo yote yako karibu sana na ngoma ya duara, ambamo kila mmoja hupata zamu yake katikati na kundi humjibu. Kwa maoni yangu, kati ya njia zote za mtandaoni, hii ndiyo inayoharibu kidogo zaidi na kufundisha zaidi.

Hatari yake iko kwenye takwimu. YouTube humwonyesha mwenye chaneli mchoro wa jinsi watazamaji wanavyopungua sekunde kwa sekunde, na pia mahali waliporudisha nyuma kutazama tena. Chukulia video inayoanza na wapigaji wakiingia polepole kwa sekunde ishirini, kisha wachezaji. Mchoro utaporomoka ndani ya sekunde hizo ishirini. Kikundi kinakata maingilio. Video inayofuata inaanza na mruko. Mchoro unaporomoka baada ya mruko. Ya tatu inakuwa na miruko mitatu. Baada ya miezi sita kikundi kina wachezaji wenye nguvu za ajabu ambao hawajui tena kusimama, kusubiri ngoma iite, na kuanza kwa bega moja. Kikundi kikialikwa tamasha na kupewa dakika thelathini, kitapumua kwa shida kufikia ya kumi.

Mchoro huo lakini una faida kubwa kwa anayeusoma vizuri. Wanaoondoka sekunde za mwanzo ni wapita njia, na hakuna dansi iliyowahi kutungwa ikawazuia wapita njia wote. Wanaofaa kusikilizwa ni waliorudisha nyuma. Ukikuta kilele kidogo kwenye dakika ya pili na sekunde ya arobaini, nenda uitazame pamoja na wachezaji na uulize kilichotokea pale: je, ni ule mwondoko, au ni kwamba mmoja alikosea na mwenzake akamfuata kosa likawa pambo? Mara nyingi jibu ni la pili, na hilo ni dhahabu kwa mtunzi, kwa sababu limempa mwondoko ambao asingeufikiria akiwa amekaa peke yake na daftari.

Kuhusu fedha, masharti yanajulikana. Ili chaneli ianze kupata mgawo wa matangazo inahitaji waliojisajili 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukicheza juu ya wimbo wa mtu, mfumo wa YouTube huutambua na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Kwa sababu hiyo kikundi kinachofikiria mbele kinafanya kazi na wapigaji wake au na mtayarishaji wa muziki wa mtaani, kwa makubaliano ya maandishi. TikTok nayo ina sharti ambalo vikundi vingi hugundua vikiwa vimechelewa: akaunti iliyosajiliwa kama ya biashara hairuhusiwi kutumia nyimbo zote maarufu, hupewa maktaba yake maalumu ya muziki.

Neno moja kuhusu watoto. Chaneli za watoto wanaocheza huleta fedha halisi, na mtoto hawezi kusaini mkataba. Kiongozi anayechagua njia hii akiwa na watoto aandike tangu siku ya kwanza mgawo wa kila mmoja, ada ya shule inatoka wapi, na mtoto akitaka kuacha kucheza inakuwaje. Asiyekuwa tayari kuyaandika hayo achague njia nyingine.

Mubashara: dansi inayotuzwa papo hapo

Kurusha moja kwa moja kunaonekana kama ndiko kunakotusogeza karibu na uwanja wa Usukuma, kwa kuwa mtazamaji yupo wakati dansi inachezwa, anaandika maoni, na anatuma zawadi zinazogeuka fedha baada ya mtandao kukata sehemu yake. Anayejua taarabu na sherehe za pwani atakumbuka mara moja kutuza: mtu anainuka, anakuja akicheza, anaibandika noti usoni au mkononi mwa mwimbaji, na ukumbi mzima unamwona. Zawadi za mubashara zimekaa hivyohivyo, hata jina la mtoaji hupita kwenye skrini ili aonekane.

Kwa utunzi, hata hivyo, njia hii ni dhaifu. Kati ya mwili na skrini ya mtazamaji hupita sekunde kadhaa, kwa hiyo sifa zinazofika sasa ni za mwondoko uliokwisha pita; mchezaji anayezifuata atarudia cha nyuma usiku kucha. Kinachotuzwa ndicho kinachorudiwa, na baada ya muda dansi inabaki na mambo mawili au matatu. Aidha, mtazamaji wa Tanzania au Kenya hulipia bando, na saa nzima ya video humla kuliko vipande vifupi, hivyo mara nyingi wanaobaki hadi mwisho ni walio kwenye waifai, wakiwemo ndugu walio Uarabuni na Ulaya. Hadhira hiyo ni ya thamani sana kwa kuchangia vifaa au nauli ya kwenda tamasha. Kikundi chenye mchezaji hodari wa kubuni papo hapo na mshereheshaji mwenye ulimi kinaweza kuitumia mara moja kwa mwezi. Sioni sababu ya kuifanya kuwa msingi wa kazi.

Jukwaa kwanza: mtazamaji wa mtandaoni anakuja mwisho

Njia ya nne ni kuitunga dansi kwa ajili ya jukwaa au uwanja, kuikamilisha, kisha kuirekodi. Mfano ulionigusa zaidi ulitoka Senegal. Mapema mwaka 2020, wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, wakijifunza dansi ya mtunzi Mjerumani Pina Bausch ya mwaka 1975 juu ya muziki wa Stravinsky, ile inayochezwa juu ya udongo uliotandazwa jukwaani. Onyesho la kwanza lilikuwa lifanyike Dakar mwezi Machi. Korona ikafunga milango. Kabla ya kutawanyika, waliicheza mara ya mwisho ufukweni, jua likizama, nayo ikarekodiwa. Julai mwaka huohuo ukumbi wa Sadler's Wells wa London uliionyesha mtandaoni, na watu wasioweza kutoka majumbani mwao waliitazama.

Hakuna chochote katika dansi hiyo kilichotungwa kumvuta mtazamaji wa simu. Wachezaji wanageuka na kuonyesha migongo, wanakimbia hadi pembeni, wanasimama kwa muda mrefu wakihema. Mchanga uliwazuia miguu na ukawabadilishia uzito wa kila mruko, na kamera ilikaa mbali vya kutosha kuonyesha kundi zima. Iliwezekana kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kukaa mwilini kwa wiki nyingi za mazoezi. Rekodi iliipokea, haikuiamua.

Kikundi kinachojiandaa kwa Tamasha la Bagamoyo, lile la TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya huko, au kwa Sauti za Busara Zanzibar, kinahitaji uimara wa namna hiyo. Huko mtazamaji anaona kushoto na kulia, anaona mpigaji akimwangalia mchezaji kabla ya kubadili mdundo, na anaweza kuvumilia ukimya. Gharama yake ni kwamba miezi mitatu inaweza kupita bila wafuasi kuongezeka hata mmoja, bila senti, na vijana wa kikundi wakiwaona wenzao wakitajwa kila siku. Hilo lisidharauliwe. Vikundi vingi vizuri huvunjika katika miezi hiyo.

Ipo njia ya katikati ambayo naipendekeza kwa moyo wote, nayo ni kundi dogo la WhatsApp la watu kumi na tano au ishirini: wachezaji wa zamani wa kikundi, mpigaji mmoja mzee, mtu mmoja wa kabila lenye ngoma hiyo, mwalimu wa sanaa, na wawili watatu wasiojua chochote kuhusu dansi. Kila wiki watumiwe kipande kimoja cha mazoezi, kitumwe kama faili ili picha isipungue ubora, na waulizwe maswali mawili tu: ulichoka wapi, na ni kitu gani ulikikumbuka kesho yake? Hawa ni watazamaji wa kidijitali kama wengine, ila wana majina, na mzee akiandika kwamba mguu huo sio wa msiba ni wa harusi, mtunzi anajua anayesema ni nani. Swali la pili hasa halina kitufe chochote mtandaoni kinacholijibu.

Kuchagua

Kijana anayetunga peke yake, asiye na kikundi wala mahali pa kufanyia mazoezi, achague chalenji bila kusitasita, kwa sharti kwamba jina lake liwe ndani ya video yenyewe na si kwenye maelezo ya chini pekee, kwa kuwa maelezo huachwa nyuma video inaponakiliwa. Wachezaji wa harusi na sherehe nao wanafaa huko, maana wateja wao wanataka dansi ambayo bibi harusi na rafiki zake wataiweza kwa wiki mbili.

Kikundi cha watu sita hadi kumi wanaojuana, wenye uwezo wa kukaa pamoja mwaka mzima, kinafaa video ndefu. Kipimo changu ni kimoja: kama mtazamaji akiwaona mara tatu ataweza kusema yupi ni yupi, mna chaneli. Kama wote mnavaa sawa, mnacheza sawa na hakuna anayekumbukwa, nguvu yenu iko kwenye umoja wa mwili, na umoja wa mwili huonekana vizuri zaidi jukwaani.

Kikundi cha ngoma za jadi kinapaswa kuwa na uangalifu kuliko wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inazitambua kazi za dansi kuwa kazi zinazolindwa, na pia ina sehemu inayohusu sanaa za jadi na matumizi yake ya kibiashara. Ngoma ya jamii si mali ya kikundi kinachoicheza. Ikikatwa kuwa kipande cha sekunde 15 na kupelekwa duniani bila wenyewe kuulizwa, lawama itarudi nyumbani, na itakuwa ya haki. Hapa napendekeza jukwaa kwanza, kundi dogo la WhatsApp likiwa na wazee ndani yake, kisha rekodi ndefu yenye jina la ngoma, la jamii na la mahali. Mubashara isitumike kabisa kwa ngoma zenye sehemu za unyago, jando au tiba. Kinachorushwa moja kwa moja hakina nafasi ya kuhaririwa.

Na kwa wale wanaotaka vyote, jambo la kuamua ni utaratibu. Kutoka kwenye dansi ya dakika ishirini mtunzi anaweza kukata vipande vitano vya chalenji, kila kimoja kikiwa na uhai kwa sababu kimetoka mahali fulani na kinaelekea mahali fulani. Anayeanza na sekunde 15 na kutaka kuzirefusha ziwe dakika ishirini huishia kurudia kiitikio. Kwa hiyo tunga ndefu kwanza, irekodi yote kwa kamera iliyosimama mbali, picha 60 kwa sekunde kama simu inaruhusu, miguu yote ionekane na wapigaji wawemo. Andika tarehe, majina ya wachezaji na nani alileta mwondoko upi. Kama uko Tanzania Bara, ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isajiliwe. Baada ya hapo ndipo ukae na kikundi mchague kipande cha kwanza cha kuweka mtandaoni, na kichaguliwe na wachezaji wenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaoombwa kukicheza kila watakapokwenda.